Gari la Zimamoto Likae Wapi?



Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wetu tumejenga pembezoni, mbali na katikati ya jiji. Moto nao umetufuata huko.

Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi moja la Zimamoto na Uokoaji, hivyo askari na magari wanaweza kupangwa upya bila kuzuiwa na mipaka ya manispaa. Tunaomba mpango huo ufuate kumbukumbu za simu za 114: wanaopiga wako wapi, ni saa ngapi, na gari lilichukua dakika ngapi kufika.

Tuseme ukweli: gari likihamia Mbagala, Kariakoo limepungua moja, na soko la Kariakoo tuliliona likiungua Julai 2021. Kwa hiyo tuombe pia magari ya kuongeza.

Sisi nasi tuna wajibu. Tusijenge tukaziba njia. Gari lililoletwa karibu halitatusaidia kama haliwezi kuingia mtaani kwetu.