MTOTO WA NYUMA NAYE NI WETU

(Maneno haya yalisemwa na mkufunzi mmoja wa walimu wa lugha mbele ya wanachama wa tawi, Mwanza. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Nimeitwa nizungumze juu ya mafunzo ya walimu wa lugha. Najua wapo waliokuja wakidhani haya ni mambo ya wenye miwani. Sivyo. Ni mambo ya watoto wenu, hasa wale wanaokaa nyuma ya darasa.

Ada ilifutwa katika shule za msingi mwaka 2001, na katika sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini mlango ukiwa wazi huingia kila mtu, na kila aingiaye huja na mzigo wake. Darasa la kidato cha kwanza laweza kuwa na watoto tisini. Mmoja ametoka shule ya msingi ya Kiingereza, anakisema bila kusita. Mwingine masomo yake yote alifundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza alikiona ubaoni tu. Na wako, tusifichane, ambao hata Kiswahili wanakisoma kwa kukwama. Mwalimu anaingia, anawaambia wote: fungueni ukurasa wa 12.

Huko chini katika darasa la kwanza ni hivyo hivyo. Mtoto wa Dar es Salaam amezaliwa ndani ya Kiswahili. Mtoto wa Mbulu nyumbani kwao husema Kiiraqw, lugha isiyo ya Kibantu, hata kubahatisha maana hawezi. Hao wawili hupewa kitabu kimoja, siku moja, na kipimo kimoja.

Basi hutokea nini? Watoto kumi wa mbele hujibu, waliobaki huitikia kwa sauti moja kama waumini, na mwalimu huondoka akiamini amefundisha. Mtoto wa nyuma amejifunza jambo moja tu, kunyamaza. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961 ili watu wake waseme wenyewe. Hatuwezi kuridhika na shule inayofundisha nusu ya watoto kunyamaza.

Dawa ninayoisemea leo ina mikono miwili. Wa kwanza ni kumpa kila mtoto kazi inayolingana na alipofika. Wa pili ni kuwafunza lugha kwa kazi moja ya kweli, wanayoifanya pamoja hadi wawe na kitu cha kuonyesha.

Msiniambie ni mambo ya Ulaya. Nendeni katika chuo chochote cha Kurani huko pwani. Watoto wamekaa mkekani, huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye juzuu, na mwalimu humsikiliza kila mmoja kwa zamu yake. Aliyetangulia humfundisha aliye nyuma. Hakuna aliyeambiwa fungua ukurasa wa 12!

Na mkono wa pili tuliwahi kuujaribu hapa hapa kwetu. Kati ya 1968 na 1972 palikuwa na mpango wa kisomo cha watu wazima hapa Kanda ya Ziwa, ukisaidiwa na UNESCO. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 nao ulipanga watu kwa ngazi, haukuwatupa wote katika kapu moja la waliofaulu na walioshindwa. Tuliyowafanyia baba zetu, mbona tunawanyima watoto?

Niwape mfano. Mwalimu achukue soko la Mwaloni, Kirumba, na kazi iwe kutengeneza kitabu kidogo juu ya dagaa. Kundi lenye maneno machache laandika majina ya vitu na bei zake, pamoja na picha. Kundi la pili laandaa maswali kumi, laenda kuwauliza akina mama wanaoanika na kuuza: dagaa huanikwa wapi, mvua ikinyesha hasara ni ya nani? Kundi la tatu laeleza kwa aya kamili kwa nini wavuvi hutoka usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikiwaka mavuno hupungua. Kisha kila kundi husomea lenzake kwa sauti. Yule mwenye majina na bei hawezi kuachwa, kwa maana kitabu bila yeye hakina bei. Na wiki ijayo mwalimu humpandisha ngazi: bei zile azitie katika sentensi.

Hapa lazima niseme neno juu ya "mradi", maana naona wazee wananuna. Waliosoma miaka ya sabini wanakumbuka miradi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi na masomo viwe kitu kimoja, lakini katika shule nyingi mradi ukageuka kulima tu, na pengine kulima shamba la mwalimu. Huo sio mradi ninaousema. Mtoto akirudi na mahindi bila neno jipya kinywani, ametumikishwa.

Sasa kwa nini walimu wengi hawafundishi hivi? Wengine husema ni uvivu. Mimi nakataa. Vyuo vyetu vya ualimu huwafundisha kwa namna ile ile tunayowakataza. Mkufunzi husimama saa mbili akihubiri ubaya wa kuhubiri, wanachuo huandika, hukariri, hufaulu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkaguzi hutazama andalio la somo na zana ukutani. Ni mara chache kumwona akikaa karibu na mtoto wa nyuma amuulize ameelewa nini.

Mwanachuo naye si sawa na mwenzake. Kuna ajaye na Kiingereza safi, na kuna ajaye akikiogopa. Basi chuo chenyewe kiwe darasa la mchanganyiko: wanachuo waende sokoni, watengeneze kitabu chao kwa makundi ya ngazi mbalimbali, waone kwa macho yao mahali kazi inapokwama. Kwenye mazoezi, kila mmoja aandike habari za watoto watatu, wa mbele, wa katikati na wa nyuma, na apewe alama kwa hatua aliyopiga yule wa nyuma.

Mtasema mtihani wa taifa ni mmoja kwa wote. Ni kweli, na shida hiyo haitatoka kesho. Lakini mtoto asiyejua kusoma swali hasaidiwi na kukimbizwa ukurasa kwa ukurasa. Mtasema pia muda hautoshi kwa watoto tisini. Mwalimu anayesahihisha madaftari tisini yenye kosa lile lile anatumia muda gani? Vitabu vidogo tisa vya makundi husahihishwa jioni moja.

Nanyi ndugu wanachama mna kazi. Walio katika kamati za shule waulize wingi wa karatasi za manila na kalamu, sio wingi wa viboko. Na watoto wakifika sokoni, dukani au mwaloni na daftari, wakiuliza maswali kwa kigugumizi, msiwafukuze kwamba wanaharibu biashara. Wajibuni polepole, mwacheni aandike hadi amalize.