Nusu Shilingi kwa Kila Mia: Fidia ya Mpiga Dawa



Niliombwa nizungumzie bima, lakini nitaanza na neno moja: dawa. Mtu akibeba bomba mgongoni kwenda kwenye pamba, au kwenda kuua majani kando ya uzio wa ghala huku kwetu bandari kavu ya Isaka, tunasema amekwenda kupiga dawa. Ndani ya bomba mna sumu. Maofisa huiita kiuatilifu. Mtaani imebaki dawa, na nani hujifunika pua kwa kuogopa dawa?

Sasa hesabu ya bima ya mpulizaji huyo. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa kupulizia nyasi na vichaka, mwenye wapulizaji wanne, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulipoanza kukusanya michango Julai 2015, mwajiri binafsi alitozwa asilimia 1 ya mishahara. Mwaka 2021 ikashuka hadi 0.6, na 2022 ikawa 0.5, sawa na mwajiri wa umma. Kwa hiyo bwana huyu anadaiwa shilingi 6,000 kwa mwezi.

Mpulizaji mmoja akiumia kazini asiweze kazi kwa muda, Mfuko humlipa asilimia 70 ya mshahara wake: shilingi 210,000 kwa mwezi, na anaweza kulipwa hadi miezi 24. Mwezi mmoja tu wa kitandani unameza michango ya miezi 35 ya biashara nzima, na hapo matibabu hatujayagusa.

Marekani wasingekubali hesabu hii ya bei moja kwa kila kazi. Kule kila kazi ina fungu lake la hatari, na bei hutajwa kwa kila dola 100 za mshahara. Anayepanda juu ya miti kuipogoa na kuipulizia yumo fungu moja, mtunza nyasi fungu jingine, na karani wa ofisi hulipiwa kiasi kidogo sana. Kampuni yenye ajali nyingi hupandishiwa bei. Hata jirani zetu Kenya, chini ya sheria yao ya 2007, mwajiri hununua bima kwenye kampuni, na kampuni hupima hatari kabla ya kutaja bei. Sisi bei ni moja: anayeajiri makarani na anayeajiri wapiga dawa wote wanatoa nusu shilingi kwa kila mia.

Wapo wasemao huo ni uonevu, kwamba mwajiri makini anambeba mzembe. Nami nilikuwa upande wao. Nimeuhama, na sababu ni hii.

Kibarua wa bomba mara nyingi hana mshahara wa mwezi. Hulipwa jioni, mkononi, kwa bomba au kwa ekari. Asilimia ya malipo yasiyoandikwa ni sifuri, iwe 0.5 au 15. Mpandishie bei mwajiri wake peke yake, naye ataandika mtu mmoja badala ya wanne. Kwa Wamarekani mimi ningeazima mkaguzi, yule anayekuja mwisho wa mwaka kufungua vitabu vya mishahara. Orodha yao ya bei wabaki nayo. (Mkulima anayepulizia pamba yake mwenyewe hayumo kabisa katika mazungumzo haya, maana hana mwajiri. Naye ana mapafu.)

Penye ugumu zaidi ni kwenye ugonjwa. Ajali ya lori ina saa na mashahidi. Viuatilifu vya jamii ya organofosfati huingia kwa ngozi na kwa pumzi, vikavuruga mishipa ya fahamu: jasho, mate, kichefuchefu, kichwa kuuma, mboni kusinyaa. Kwa dalili za mwanzo, nani hapa hatasema ni malaria? Kijana aliyepulizia pamba Januari, kisha vichaka vya uzio wa mgodi Machi, akiugua Aprili atamtaja mwajiri yupi? Sheria yetu ya fidia inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Inabidi ionekane kwamba yametokana na kazi, na hapo panahitajika maandishi: alipulizia nini, lini, kwa nani.

Najua mtaniuliza nani aandike. Aandike yule yule anayegawa dawa asubuhi. Jioni tayari anahesabu mabomba ili alipe. Aongeze jina la mtu na jina lililoko kwenye chupa.