Ni Deni la Nani? Haki katika Ufadhili wa Masomo kwa Misingi ya Rangi



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo limewagawa watu wa Marekani kwa muda mrefu: je, ni haki kumlipia mwanafunzi karo kwa kuangalia rangi yake? Naomba tulitazame katika vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Weusi, kwani huko linajitokeza kwa sura ambayo wengi hawaitarajii.

Kwanza, tukumbuke chanzo. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, vyuo vingi, hasa vya majimbo ya kusini, viliwafungia Weusi milango. Ndipo vikaanzishwa vyuo vyao, vingi kwa juhudi za makanisa. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtakatifu Katharine Drexel alitumia urithi wake kuanzisha Xavier mjini New Orleans. Nacho chuo cha Howard, kilichoanzishwa Washington mwaka 1867, kilifungua milango kwa watu wa rangi zote. Ubaguzi, basi, haukutoka katika vyuo hivi. Ulitoka kwa wenye mamlaka, ambao pia walivinyima fedha. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya Weusi vilivyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1890 vilikuwa vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka 30.

Sasa tutazame Alabama. Mwaka 1995 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba mabaki ya ubaguzi yalikuwa bado yamo katika vyuo vikuu vya jimbo hilo. Iliamuru vyuo viwili vya Weusi, Alabama State na Alabama A&M, vipewe fedha za kujiimarisha. Pamoja na hayo, iliamuru utolewe ufadhili wa kuwavuta wanafunzi Wazungu waje kusoma humo. Hivyo katika chuo cha Weusi palikuwa na mfuko ambao kijana Mweusi hakuweza kuugusa.

Waliotetea mpango huo walikuwa na hoja nzito. Walisema kwamba utengano uliojengwa kwa sheria hauvunjiki wenyewe, na kwamba vijana wanaosoma pamoja hujifunza kuheshimiana. Hoja hiyo tusiidharau. Lakini tumtazame pia kijana Mweusi, mtoto wa maskini, anayesimama kwenye mlango uleule. Babu yake alikataliwa chuo cha Wazungu kwa sababu ya rangi. Naye ananyimwa mfuko huo kwa sababu ileile, katika chuo alichojengewa babu yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba ubaguzi wa rangi unapingana na mpango wa Mungu. Hata hivyo, kutoa fidia si sawa na kubagua. Tofauti yake tunaijua kwa maswali matatu: Ni jeraha gani linalotibiwa? Nani analipa? Na malipo yatakoma lini?

Kwa maswali hayo, ufadhili uliomsaidia kijana Mweusi kwa sababu wazazi wake walifungiwa milango una msingi wa haki, maadamu dhuluma inajulikana na madhara yake yanaendelea. Ule wa Alabama ulikuwa na lengo jema, lakini ulimbebesha aliyedhulumiwa sehemu ya gharama ya kutubu kwa mwingine. Zakayo alipoongoka, alirudisha kutoka mfukoni mwake; hakumwomba jirani amlipie.

Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi za Harvard na North Carolina, ilikataza kuzingatia rangi katika kuwapokea wanafunzi, na baada ya hapo vyuo kadhaa viliondoa ufadhili wa aina hii. Wengine wanasema kwamba swali limekwisha. Ndugu zangu, sheria yaweza kuufunga mfuko, lakini haifuti deni. Ikiwa rangi haitumiki tena kugawa ufadhili, basi majimbo yavilipe vyuo vyenyewe kilichopunjwa, ili kila maskini anayeingia humo, Mweusi au Mzungu, apate msaada bila kumnyima mwenzake.

Nasi tunapogawa misaada ya masomo katika parokia zetu, tuyatumie maswali hayo matatu. Haki ikitangulia, amani itafuata.