Magugu ya mto hayana kabila

Maneno yaliyosemwa mbele ya wavuvi, wamama wachuuzi na wakuu wa vijiji kando ya mto Congo, chini ya Kisangani



Tumekuja kwa sababu ya ugomvi. Watu wa juu wanasafisha kivuko chao kwa kusukuma Kongo ya Sika katikati ya mto. Maji yanaibeba, na kesho yake imefunga mitumbwi ya watu wa chini. Nyavu zinapasuka, samaki wanaoza kabla ya kufika sokoni, matusi yanaanza. Tunaogopa kwamba baada ya matusi yatakuja mapanga.

Tukumbuke kwamba gugu hili halikuletwa na jirani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana katika mto wetu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Utawala wa Kibelgiji ulilinyunyizia dawa za sumu, lakini halikuisha. Mbegu zake hulala matopeni miaka mingi, na mmea mmoja huzaa wengine katika wiki chache tu.

Kwenye Ziwa Victoria, miaka ya 1990, Uganda, Kenya na Tanzania ziliachilia wadudu wadogo wanaokula gugu hilo. Lilipungua sana. Hata hivyo limerudi mara kwa mara, kwani uchafu wa miji na udongo wa mashamba unaendelea kulilisha. Tena mto Kagera unalileta kutoka Rwanda na Burundi. Hakuna aliyeweza kulimaliza peke yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Tusilisukume tena. Tulitoe majini pamoja na mizizi, kabla halijatoa maua.

2. Tulirundike mbali na maji, mahali mafuriko hayafiki. Likioza ni mbolea nzuri.

3. Tusitumie sumu, maana maji hayo ndiyo tunayokunywa.

4. Salongo ifanyike siku moja katika vijiji vyote, kuanzia juu kwenda chini.

Kila kijiji kichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kupanga siku hiyo. Gugu likishuka tena, hao wawili waitwe kwanza, kabla mtu hajainua mkono juu ya jirani yake.