Maneno juu ya Bunduki Nyepesi

Ndugu zangu wa vijiji vya kandokando ya Katuba, nisikieni. Bunduki nyepesi haichoshi bega njiani, lakini mkononi hutikisika upesi. Basi msipige mkiwa mmesimama. Kaeni chini, na ule mti ulio chini ya mtutu uwekeni juu ya mfuko wa mchanga. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Tulizeni pumzi, kisha vuteni kifyatulio polepole.

Kwanza jaribuni risasi tatu kwa karatasi iliyowekwa mbele ya kichuguu kikubwa. Kila mara ngojeni kidogo, kwani mtutu mwembamba ukipata moto hupoteza shabaha.

Nguruwe wa pori aliyejeruhiwa hujificha katika majani marefu, na huko huweza kumrukia mtu. Msipomwona nyama vizuri, na yaliyo nyuma yake, msipige.