Maneno Juu ya Kufuga Kuku wa Nyama kwa Huruma



Leo twapenda kusema nanyi habari za kuku wa nyama, wale wakuao upesi na kuchinjwa wapatapo majuma 6. Wako wasemao, “Kuku huyu mwisho wake ni chunguni, ahurumiwe kwa nini?” Lakini wahenga walisema, kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Basi huruma kwa kuku si jambo geni kwetu, wala haina hasara.

Kwanza, vifaranga. Hawa hawana manyoya ya kutosha, nao huhitaji joto. Mfugaji asitazame jiko tu, awatazame wao. Wakisongamana penye moto, waona baridi, na walio chini hufa kwa kukosa pumzi. Wakikimbilia kando na kuachama midomo, joto limezidi. Wakitawanyika kwa utulivu, ni vema.

Pili, banda. Liwe na madirisha ya wavu, na chini maranda makavu. Yakilowa, mvuke wake huwachoma macho, na nyayo hufanya vidonda. Kuku hawa ni wazito, wasibanwe: mita moja ya mraba isizidi kuku 10, na penye joto kali wapungue. Maji safi yasikosekane. Chanjo ya kideri wapewe kwa wakati wake, maana kideri kikiisha kuingia hakina dawa.

Tatu, safari ya sokoni. Hapa ndipo wengi wakosapo. Kuku hufungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini katika baiskeli. Naye hana kiwambo kifuani kama tulicho nacho sisi. Basi matumbo hulemea mapafu, akapumua kwa taabu. Tena mifupa huvunjika, damu huvilia nyamani, mnunuzi akakataa, na ada ya shule ya mtoto ikapotea njiani. Yafaa wachukuliwe katika matenga yenye nafasi, alfajiri, kabla ya jua kali.

Mwisho, kuchinja. Kisu kinolewe vema, wala kuku asitiwe katika maji ya moto kabla hajafa kabisa.

Katika Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama. Lakini hapana askari awezaye kulinda kila banda. Kwa hiyo twawaomba ninyi wazee na walimu mwe wa kwanza kuonyesha mfano. Maisha ya kuku huyu ni siku 42 tu. Tusizifanye kuwa siku za mateso.