Uwanja wa Nyumba ni Chumba Pia

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wenye nyumba wa Kitale na Bungoma.

Sikuja kuwafundisha kujenga nyumba, maana wengi wenu mlijenga kabla yangu. Nimekuja kuwaeleza kosa nililolifanya mwenyewe, na jinsi lilivyonifunza kwamba uwanja wa nyumba ni chumba pia.

Kwetu ni Bungoma, nayo kazi yangu iko Kitale. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na mwembe mkubwa. Chini yake mama yangu alipukuchua mahindi, alichambua maharagwe na kupokea wageni, na jioni wajukuu wake walisomea hapo. Siku moja niliona kwamba nyumba imekuwa ndogo. Nikaukata mwembe, nikajenga mahali pake vyumba viwili vya mabati, nikajisifu sana. Lakini mchana vyumba vile vilikuwa na joto kama tanuri, wala hapana aliyeweza kukaa ndani. Mama akawa anakaa kizingitini, akihamisha kigoda chake kila kivuli cha ukuta kiliposogea. Hakunilaumu hata siku moja. Nilipanda mti mwingine, lakini alifariki kabla haujampa kivuli. Majuto ni mjukuu.

Basi nikatambua kwamba niliongeza vyumba viwili, na kuondoa kimoja kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Jambo hili latuhusu sote. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu zaidi ya 1,670,000 katika Bungoma, na karibu 990,000 katika Trans Nzoia. Mashamba yanagawanywa baina ya wana, na mjini wengi wana kiwanja cha futi 50 kwa 100 tu. Mtu akitaka nafasi zaidi hufikiri mara moja juu ya matofali na mabati, na pengine juu ya mkopo. Yafaa afikiri kwanza juu ya uwanja alio nao.

Wenzetu wa Pwani walilijua jambo hili tangu zamani. Katika nyumba za kale za Lamu, mgeni hupokewa barazani, penye viti vya mawe karibu na mlango. Na ndani huwa na ua ulio wazi, uletao mwanga na hewa. Sisi nasi twaweza kufanya vivyo hivyo, tena kwa gharama ndogo.

Jambo la kwanza ni kivuli. Bungoma jua la mchana ni kali, kwa hiyo mti upandwe upande wa magharibi wa mahali pa kukaa. Kitale ni juu zaidi, yapata mita 1,900, na baridi ya asubuhi na jioni twaijua. Huko acheni upande wa mashariki wazi, jua la asubuhi liingie. Mparachichi uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mkaratusi haufai karibu na nyumba, kwa kuwa hunywa maji mengi na matawi yake huanguka. Mti unapokua, simamisheni nguzo nne, mlaze fito juu yake, mpandishe mapasheni. Yakitunzwa vema, kwa muda wa mwaka mmoja hivi mtapata kivuli na matunda pamoja.

Jambo la pili ni sakafu. Inueni mahali pale kwa udongo wa murram ulioshindiliwa vizuri, uinamie upande mmoja ili maji ya mvua yaende zake. Maji yakituama huzaa mbu, na mbu huleta malaria.

Jambo la tatu ni jiko. Moshi wa kuni ndani ya nyumba huumiza macho na vifua vya akina mama na watoto. Jengeni kibanda cha jiko uwanjani, kiwe wazi pande mbili, mahali ambapo upepo hautapeleka moshi kwa wakaao kivulini.

Jambo la nne ni tahadhari. Huku kwetu mvua ya alasiri mara nyingi huja na radi. Ngurumo ikisikika, hata ikiwa ni ya mbali, ondokeni chini ya mti, mwingie nyumbani.

Ndugu zangu, sisemi kwamba nyumba zisiongezwe. Watoto wakiongezeka, hapana budi kuwatafutia mahali pa kulala. Lakini kabla ya kununua hata bati moja, simama mlangoni pako, uutazame uwanja wako, ujiulize ni kazi gani za nyumbani zinazofanyika hapo. Na ikiwa pana mti unaotaka kuukata, muulize kwanza yule akaaye chini yake. Mimi sikuuliza. Mti nilioupanda sasa una kivuli kizuri, na wanangu husomea hapo. Lakini yule niliyempandia hayupo.